Zebaki Chumbani Kwetu

Saa za mchana, jua likishalipiga bati vya kutosha, chumba chetu kilijaa harufu ya waridi. Halikuwa waridi la bustanini, maana Kinyerezi ya wakati ule ilikuwa mihogo, mikorosho michache na viwanja vilivyowekewa mawe ya mipaka. Lilikuwa waridi la dukani, tamu kupita kiasi, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine kavu, kama ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Nyumba yetu haikuwa na dari. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na alipofika kwenye bati akapumzika, akasema dari itafuata. Kwa hiyo joto lilishuka moja kwa moja hadi kitandani, na kila kitu kilichokuwa mle ndani kikalainika na kutoa harufu yake. Kwa mbali mashine ya kusaga nafaka iliunguruma kutwa nzima mpaka tukawa hatuisikii tena. Chumba hicho tulilala watu watatu: mimi niliyekuwa na miaka kumi, mama mdogo Restituta, na mdogo wangu Kasiani aliyekuwa ameachishwa ziwa na kuletwa kwetu ili amsahau mama.

Mama mdogo Resti alikuwa amekuja kutoka Masasi mwaka mmoja kabla, baada ya kumaliza kidato cha nne. Bibi yetu alifariki yeye akiwa mdogo sana, hivyo mama ndiye aliyemlea, na hata alipofikisha miaka ishirini alikuwa bado anatamka neno "dada" kwa sauti ya mtoto anayeomba kitu. Alikuwa mweusi, weusi ule wa kung'aa unaoonekana vizuri mtu akitoka kuoga, na alicheka kwa kuinamisha kichwa kama anayemficha mtu kicheko chake. Kasiani alipewa jina la babu yetu, baba yao mama na Resti, kwa hiyo wote wawili hawakumwita jina. Walimwita baba. "Baba yangu kaamka?" ndilo lililokuwa swali la kwanza la Resti kila aliporudi kazini, hata kabla ya kuvua viatu. Yule mtoto naye alijua saa zake. Akisikia geti la mabati linaburuzwa, aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi akaenda kwa miguu yake mifupi, akainuliwa juu, akaubandika mdomo wake wazi kwenye shavu la mama yake mdogo na kulinyonya kama embe.

Resti alipata kazi kwenye duka la vipodozi kule Tabata. Wiki ya kwanza alirudi akituchekesha kwa kumwigiza mama mwenye duka, mwanamke mnene mweupe mwenye vifundo vya vidole vyeusi, ambaye alikuwa amemtazama juu hadi chini na kumwuliza, "Sasa wewe mteja akikuona atanunua nini?" Tulicheka wote, na yeye alicheka kuliko sisi. Baadaye nilipoingia chumbani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na kioo kidogo, hajitazami usoni, anatazama mkono wake tu. Baada ya hapo harufu ya waridi ikaingia nyumbani. Ilitoka kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi, uliochanganywa nyuma ya duka kwenye beseni, ukapakiwa kwenye vikopo vyeupe visivyo na maandishi, na wafanyakazi walipewa cha kwao ili wawe tangazo. Uso wake ulianza kufunguka rangi kwenye paji na mashavu, ukawa mwekundu kidogo, kisha wa maji ya kunde. Majirani walimsifu. Mama alisema tu, "Resti, umependeza, Dar imekukubali," na nadhani kweli hakujua, au alijua akapenda kutojua, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameanza kutembea kichwa kikiwa juu.

Baba ndiye aliyesema. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, tunakula wali kwa maharage. Aliweka kijiko chini na kusema bila kupandisha sauti, "Shemeji, humu ndani mwangu hakuna mtu wa kujichubua. Nina binti anaangalia." Resti alijibu, "Ndiyo shemeji. Hii ni losheni ya kawaida tu." Kesho yake kikopo cheupe hakikuwepo tena dirishani. Mkorogo ulikuwa umehamishiwa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga ya Kasiani, na kopo likafunikwa na nguo ndani ya begi lililokaa chini ya kitanda. Nilimwona akilificha. Aliniona nikiona, akaweka kidole mdomoni na kutabasamu, nami nikafurahi kupewa siri na mtu mzima.

Sasa niseme la kwangu, ambalo kwa miaka ishirini nililizunguka kila nilipoisimulia habari hii. Mimi nilizaliwa na rangi ya mama mdogo. Shuleni waliniita Giza. Mvulana mmoja akiniona naingia darasani alikuwa anajifanya kupapasa ukuta akitafuta swichi, na darasa zima lilikuwa likicheka, hata rafiki zangu. Hilo nililizoea. Lililonishinda lilikuwa kanisani, ambako nilikuwa miongoni mwa wasichana wanaocheza mbele ya altare wakati wa wimbo wa Utukufu, tumevaa nguo nyeupe na vitambaa mkononi. Mama aliyekuwa akitufundisha alitupanga kwa ajili ya sikukuu ya kigango, kanisa letu dogo la mtaani. Mimi nilikuwa nimezishika hatua zote, na wengine walikuwa wakinitazama mimi ili wasikosee. Akanitoa mstari wa mbele na kunipeleka wa nyuma. "Huyu abaki huku," alimwambia mwenzake, "picha hazitatoka." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika kitambaa changu cheupe, nikamkuta mama yuko barazani kwenye cherehani, mdomo umejaa pini, akaniashiria kwa macho kwamba Kasiani amelala ndani nimwangalie. Sikumwambia kitu. Niliingia chumbani, nikalivuta begi, nikafungua kopo.

Nilipaka usoni na shingoni, kidogo, kwa vidole viwili. Iliwasha kidogo, halafu ikapoa. Nikafanya hivyo kesho yake nikitoka shule, na kesho kutwa yake, kila siku mama akiwa kwenye cherehani na Resti akiwa Tabata. Nilikuwa nikishapaka tu, Kasiani anaamka, nami nambeba. Sikuosha mikono, kwani nani huosha mikono baada ya kujipaka mafuta? Alikuwa mtoto wa kunyonya vidole, na kama vyake vimechoka alichukua vyangu. Nilimlisha uji kwa kuuonja kwanza kwa kidole kama uko moto. Nilimlaza kifuani pangu tukisubiri mama mdogo arudi, na alipofika nilimkabidhi, naye akalazwa kwenye kifua kingine chenye harufu ile ile.

Ilikuwa baada ya Krismasi, katika siku zile za joto la Januari ambapo hata maji ya bomba hutoka vuguvugu, Kasiani alipobadilika. Alianza kulia kilio ambacho hatukukijua. Hakikuwa cha njaa wala cha usingizi, kilikuwa cha mtu mzima aliyechoshwa na maumivu, kirefu, bila kuangalia mtu. Alitoka jasho mpaka shuka ikawa ya kukamua. Viganja na nyayo zake ziligeuka rangi ya waridi, zikavimba, kisha ngozi ikaanza kubanduka kwenye ncha za vidole kama ya mtu aliyeungua. Alizisugua shukani akilia. Mwanga ulimwumiza, akawa anauficha uso kwenye mto, makalio juu. Nywele zilitoka kwa mafungu. Jino moja la mbele lilidondoka, mama akaliokota kwenye godoro na kuliweka kiganjani akilitazama. Mwishoni mwa Februari hakutembea tena. Tukimsimamisha alikunja miguu na kukaa.

Zahanati walisema malaria, wakampa dawa. Baadaye walisema minyoo, baadaye mzio, baadaye upungufu wa damu. Kila dawa mama aliitoa kwa saa yake, akiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na kila dawa ilipoisha bila kitu alitafuta sababu nyingine. Jirani yetu Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyekuwa akichoma vitumbua asubuhi pale njiani, alikuwa na mazoea ya kumchukua Kasiani na kumsifu: mtoto mzuri huyu, mtoto mnene huyu. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walipokuja kusali, mmoja aliuliza ni nani humsifu mtoto. Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi moja mama alisimama mbele ya jiko la yule bibi, watu wamejipanga na sahani zao, akamwambia, "Jicho lako litoe kwa mwanangu." Bi Mwanahawa aliacha kitumbua kikaungua. Alisema, "Mie, Mama Sabina? Mie?" Nilikuwa nimesimama na sahani yetu tupu, nikajua kwamba mama amekosea, ingawa sikuwa bado najua ni kwa kiasi gani.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Kasiani alipopata degedege la kwanza, akiwa mikononi mwa Resti, jioni kabla ya chakula. Macho yalipanda juu, mwili ukakakamaa. Resti alipiga kelele ambayo hata leo nikiikumbuka nakaza meno. Alikimbia naye mvuani peku hadi barabarani, mama akimfuata, na gari la jirani likawapeleka hospitali kubwa mjini. Walimlaza. Baada ya hapo nyumba yetu ikawa ya zamu: mama analala hospitali, Resti anatoka kazini anampelekea chakula, baba anafundisha na kurudi, mimi napika uji na kuupeleka nikiwa na baba siku za mwisho wa juma.

Jumapili moja tulikuwa wote pale wodini. Daktari aliyekuja alikuwa dada kijana, mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliishika mikono ya Kasiani, akaigeuza kiganja na nyuma, akaitazama kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyetangulia. Akamgeukia mama.

"Mama, nyumbani kuna mtu yeyote anatumia krimu ya kung'arisha ngozi? Mkorogo?"

"Hakuna, daktari," mama alijibu. "Mume wangu hataki hata kusikia."

"Kwangu hakuna," alisema baba.

Daktari hakuondoka. Alivuta kiti akakaa, akatueleza taratibu, kama anayejua kwamba kati yetu yupo asiyetaka kusikia. Alisema baadhi ya krimu hizo huwekwa zebaki, ile inayong'aa kama fedha kwenye kipimajoto. "Simwulizi mtu ili nimgombeze," alisema. "Anayejipaka ni mmoja, lakini inabaki kwenye mashuka, kwenye taulo, kwenye mikono yake. Chumba kikiwa na joto inapanda hewani, mnaivuta wote. Mtoto mdogo ndiye inayemwumiza zaidi. Nikijua ni hiyo, najua pa kuanzia. Nisipojua, nitaendelea kubahatisha, na presha yake siipendi." Resti alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda na chupa ya chai. Niliuona mkono wake ukikaza juu ya mfuniko. Alinitazama mara moja, nami nikatazama chini, nikaziona ncha za vidole vyangu kwenye sketi yangu ya kanisani.

Nilinyamaza Jumapili hiyo, Jumatatu, na Jumanne. Nataka ieleweke kwamba nilielewa kila neno la daktari. Watu huniambia mtoto wa miaka kumi hajui kitu. Nilijua. Nilihesabu kwamba nikilitaja kopo nitaulizwa limepungua kwa sababu gani. Nilimngoja mama mdogo aseme, na nadhani yeye alitegemea kwamba nitanyamaza. Jioni ya Jumanne alikaa kitandani, akaanza, "Sabina," halafu akaacha. Jumatano baba alirudi kutoka hospitali mchana, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Kasiani alikuwa amepata degedege lingine, na safari hii lilichukua muda kuisha. Baba hakulia. Alikuwa anafungua na kufunga saa yake ya mkononi. Ndipo nikasema, nikiwa nyuma yake, kwa sababu nisingeweza kusema nikimtazama usoni, "Baba, mama mdogo ana krimu. Iko kwenye kopo la maziwa, ndani ya begi." Nilisema mama mdogo. Sikusema sisi.

Resti aliporudi alilikuta kopo juu ya meza, na mama amefika kutoka hospitali kubadili nguo. Hakujaribu kukataa. Alipiga magoti palepale mlangoni, mkoba ukiwa bado begani.

"Tangu Jumapili," mama alisema. "Daktari amekuuliza mbele yangu, Resti. Baba yako anakufa unamtazama."

"Dada, niliogopa."

"Ukaogopa nini? Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?" Mama aliliinua kopo. "Ni wewe tu, au kuna mwingine?"

Resti aliinua macho. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Alinitazama kwa utulivu ambao sikuuelewa, kisha akamrudia mama. "Ni mimi, dada. Mimi peke yangu."

Baba alijaribu kusema kwamba wangoje, kwamba hasira zipoe. Mama hakumsikia. Alitoa begi la Resti nje, akalirusha kwenye tope la masika, na nguo zake zikamwagika. Resti aliziokota moja moja, akazikung'uta ingawa zilikuwa zimeloa, akaondoka kabla giza halijaingia. Alipofika getini aligeuka na kusema, "Mwambieni baba yangu apone." Hakuna aliyemjibu. Mimi ningeweza kumjibu.

Baba alilipeleka kopo hospitali siku hiyo hiyo, na matibabu yakabadilika. Daktari akaagiza godoro, mito na taulo za chumba kile zitolewe kabisa, kuta na sakafu zifutwe, na tusifagie kavu. Akaagiza pia watu wote wa nyumbani wapimwe mkojo, hasa aliyekuwa anajipaka. Tulikwenda watatu, baba, mama na mimi, na vichupa vyetu vikawekwa pembeni ya cha Kasiani. Watu wote wa nyumbani, alisema daktari. Resti hakuwa tena mtu wa nyumbani. Hakuna aliyemtafuta Mbagala alikokwenda kupanga na mwenzake wa dukani, kumwambia kwamba yeye ndiye aliyehitaji kupimwa kuliko sisi sote. Majibu yalipotoka, mama alikuwa nayo kidogo, baba kidogo sana, na mimi nilikuwa nayo nyingi kuliko walivyotarajia. Mama alinikumbatia akalia. "Kwa sababu ulikuwa unalala naye kitanda kimoja," alisema. Nikamwacha aamini hivyo.

Kasiani hakufa. Dawa ya kuitoa zebaki mwilini ilichelewa kupatikana, ikaja, ikamchosha, ikamsaidia. Alijifunza kutembea upya akikaribia miaka mitatu, na maneno yalikuja taratibu. Mama alikwenda kwa Bi Mwanahawa akapiga magoti mbele ya jiko, na yule bibi alimwinua palepale akampa vitumbua vya kupelekea mgonjwa. Lakini kwa mdogo wake hakwenda. Resti aliandika barua mbili, baba akazisoma, mama hakuzigusa. Miaka ilipita hivyo. Nyumbani tukaacha kulitaja jina lake. Kasiani alikua bila kujua kwamba aliwahi kuwa na mtu aliyekuwa akimwita baba mara mia kwa siku.

Nilikuwa chuoni, nina miaka ishirini, baba aliponiambia kwa siri kwamba Resti anaumwa figo. Alikuwa amepanga chumba Chamazi, akishona nguo za watoto kwa cherehani ya kukodi. Nilikwenda Jumamosi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba hadi magotini na uso umejaa, lakini alikuwa mweusi tena, mweusi wa Masasi, na nilipoingia aliinamisha kichwa akacheka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekuwa mrefu kama shemeji." Akaniuliza Kasiani anaendeleaje, anakula nini, yuko darasa la ngapi, kama anaandika. Nikamwambia mikono inamtetemeka, mwandiko haukai kwenye mstari, lakini anasoma vizuri kwa sauti. Alisikiliza amefumba macho. Ndipo nikasema kile nilichokuwa nimekuja nacho.

"Mama mdogo, mie pia nilikuwa napaka."

"Najua."

"Ulijua?"

"Kopo langu si nalijua? Mie nilikuwaga nachota kwa kidole kimoja. Nikawa nakuta alama za vidole viwili, vidogo." Alinyoosha mguu kwa taabu. "Nilipaswa kukukataza siku ya kwanza. Ila ningekukatazaje bila wewe kwenda kuuliza kwa nini mie napaka? Nikanyamaza. Kwa hiyo niliposema ni mimi peke yangu, Sabina, sikudanganya. Kopo lililetwa na mimi."

Nililia kwenye mapaja yake, juu ya uvimbe ule laini uliobonyea na kubaki na alama ya paji langu. Nikamwambia nitamweleza mama siku hiyo hiyo. Akanikataza. "Mwache dada. Amempoteza mdogo wake, asimpoteze na binti." Nilimtii. Nilijiambia namtii yeye, na ukweli ni kwamba lilinifaa. Alianza kusafishwa damu, akaacha, akaanza tena, na kabla mwaka haujaisha alifariki.

Mama alikwenda msibani. Watu walimpisha, akaingia na wanawake wengine kumwosha marehemu. Alipotoka alikaa chini ukutani, mikono ikiwa bado na maji, akasema bila kumtazama mtu, "Alikuwa ameacha." Mwenzake wa Mbagala akamjibu kwamba ndiyo, aliacha siku ile ile aliyofika kwake, na kazi ya duka aliacha juma lile lile, na krimu hakuwahi kuigusa tena. "Hakuniambia," mama alisema. Kisha akakumbuka barua, akajifunika uso kwa khanga.

Sasa nina miaka thelathini na moja. Baba ametangulia. Kasiani ni kijana wa miaka ishirini na mbili, anauza chakula cha kuku barabarani Kinyerezi, na akikupa chai anaijaza nusu kikombe ili isimwagike. Mwaka jana, nikiwa nachambua mchele na mama, nilimwambia yote: kanisani, kopo, vidole viwili, Chamazi. Mama aliendelea kuchambua. Alifika mwisho wa ungo ndipo aliposema, polepole sana, "Ungeniambia siku ile ningekupiga. Ningekupiga sana. Halafu jioni ningekupikia ule." Akatikisa kichwa. "Na yeye alikuwa mtoto vilevile. Nilimlea mimi. Mbona yeye sikumpikia?"

Niliuchukua ungo, nikaumwaga mchele sufuriani. Naona jinsi mambo yalivyobadilika. Leo neno zebaki linatajwa redioni, kliniki wauguzi huwauliza akina mama wanajipaka nini, na nyumba nyingi za kwetu zina dari. Lakini krimu zisizo na maandishi bado zipo, zinatangazwa kwenye simu na wasichana wenye sauti nzuri, na bado wapo watoto wanaopangwa mstari wa nyuma ili picha zitoke. Binti yangu ana miaka minane na ana rangi yangu. Juzi alirudi shuleni na kuniambia jina walilompa. Aliniambia mlangoni, akilia, kabla hajavua begi. Niliacha sufuria jikoni, nikakaa naye chini sakafuni mpaka alipomaliza, na bibi yake, aliyekuwa amekuja kututembelea, akatoka chumbani akakaa upande wa pili. Alimshika mkono mjukuu wake, akaupapasa, akamwambia, "Nilikuwa na mdogo wangu mwenye rangi hii. Anaitwa Restituta." Ilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka ishirini na moja, kumsikia mama akilitamka jina hilo ndani ya nyumba. Mtoto akafuta macho, akauliza, "Yuko wapi?" Mama akaanza kumsimulia, tangu Masasi.